John Fogerty na kosa la kujiiba: Mtindo wa mwimbaji ni mali ya nani?

Ukiwauliza watu kumi jijini Nairobi wimbo "Proud Mary" ni wa nani, sitashangaa tisa wakikujibu kuwa ni wa Tina Turner. Nao hawatakuwa wamekosea kabisa. Mama yule aliuchukua mwaka wa 1971 akiwa na Ike Turner, akauanza polepole kama mtu anayesimulia, kisha akaupiga mbio hadi ukamganda kama ngozi. Lakini aliyeutunga ni kijana mzungu wa California aitwaye John Fogerty, kiongozi wa bendi ya Creedence Clearwater Revival, na kwa sauti yake ulitoka mwanzoni mwa 1969.

Nimeamua kumzungumzia Fogerty wiki hii kwa sababu kuna swali ambalo sisi walimu wa fasihi huliuliza darasani tukiwa tumeketi vizuri, na ambalo yeye alilazimika kulijibu kizimbani akiwa ameshika gitaa. Swali lenyewe ni hili: mtindo wa msanii ni mali ya nani? Bwana huyu alishtakiwa kwamba wimbo wake mmoja ameuiba kutoka kwa wimbo mwingine. Aliyeulalamikia wizi huo ni kampuni iliyomiliki wimbo wa zamani. Aliyeutunga huo wimbo wa zamani ni nani? Ni yeye huyo huyo Fogerty.

Wapenzi wa sarufi watakumbuka kiambishi chetu cha kujirejelea, "ji". Mtu hujipenda, hujikuna, hujisemea. Lakini tukisema kwamba mtu "amejiiba", hatuna maana kwamba amejinyang'anya mali yake mwenyewe. Tuna maana kwamba amechomoka kimyakimya, watu wakageuka wakakuta kiti kitupu. Nionavyo mimi, hapo Kiswahili kilikuwa na akili kuliko mawakili wa ile kampuni, maana katika maisha ya Fogerty kujiiba kwa maana hii ya pili kulikuwepo kwingi, na kwa maana ile ya kwanza hakukuwepo.

Niseme hoja yangu mapema ili atakayetaka kunipinga ajue pa kunishika. Mahakamani Fogerty alikuwa na haki, kwa sababu mtindo ni wake. Ila haki ile haikumfanya awe sahihi kuhusu bendi yake. Ukizisikiliza nyimbo za kipindi chake cha kujitegemea utausikia mtindo ule ule, lakini kuna kitu kimepungua, na kilichopungua ni watu watatu.

Basi tuanze na hao watu. John alizaliwa Berkeley mwaka wa 1945, akakulia El Cerrito, mji mdogo ulio ng'ambo ya ghuba ukitokea San Francisco. Mwaka wa 1959, wakiwa bado vijana wa shule, yeye na wenzake wawili, Doug Clifford wa ngoma na Stu Cook aliyepiga piano kabla ya kuhamia gitaa la besi, waliunda kikundi kilichoitwa Blue Velvets. Baadaye akajiunga nao Tom Fogerty, kaka yake John, na huyo ndiye aliyekuwa mwimbaji. Naomba msomaji alizingatie hilo. Mwimbaji alikuwa Tom. John alikuwa kijana wa gitaa nyuma ya kaka yake.

Mwaka wa 1964 wakapata mkataba na kampuni ndogo ya Fantasy, nayo ikawabandika jina la Golliwogs, jina la mwanasesere aliyebuniwa kuwadhihaki watu weusi. Vijana hawakulipenda, lakini nani angewasikiza? Katika miaka hiyo ya jina la kubandikwa, mdogo mtu alisogea mbele taratibu na mkubwa mtu akarudi nyuma kushika gitaa la kusindikiza. Sauti ya Tom ilikuwa ya kupendeza. Ya John ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu anayepiga kelele kutoka ng'ambo ya mto. Mwaka wa 1967 Fantasy ikanunuliwa na Saul Zaentz na washirika wake, na kufikia mwisho wa mwaka huo bendi ikajipa jina jipya refu, Creedence Clearwater Revival. Jina likabadilika, mkataba ukabaki wa kunyonya. Kwa mkataba huo haki za utunzi wa nyimbo zilikuwa za kampuni, na kampuni ingeweza kudai rekodi nyingi kila mwaka kwa miaka mingi. Wasanii wetu hapa nyumbani wakisimulia jinsi walivyotia saini karatasi wasizozielewa, sisi husema ni kwa kukosa elimu. Hawa walikuwa vijana wa Marekani, na Stu Cook alikuwa mtoto wa wakili.

Sasa tuje kwenye lugha, ambako ndiko kiini cha mambo kwa mtu wa kazi yangu. Huyu ni mwana wa California, tena kaskazini mwa California, kwenye baridi na ukungu. Lakini funga macho usikilize "Born on the Bayou". Utaapa kwamba mwimbaji amezaliwa Louisiana, kwenye vile vijito vya maji yaliyolala, miti ikining'inia ndevu, mbwa akibweka mbali. Matamshi yake yanapinda. Kuna irabu ambayo katika "Proud Mary" anaizungusha mdomoni, katika lile neno la kugeuka kwa gurudumu na lile la kuungua, hadi inasikika kama "oi". Hakuna aliyezungumza hivyo El Cerrito. Aliokota matamshi hayo kwenye rekodi za waimbaji wa blues, akayachanganya na redio, filamu na vitabu vya utotoni, akajitengenezea lahaja ambayo haizungumzwi mahali popote isipokuwa ndani ya nyimbo zake.

Wapo wahakiki waliosema huu ni uongo, kwamba mzungu wa mjini amejivika kinyago cha mtu wa kusini. Mimi siwafuati. Tunao washairi waliozaliwa bara kabisa ambao wakishika kalamu hutunga kwa Kimvita au Kiamu, kwa sababu utenzi waliousoma uliwafunza kuwa hiyo ndiyo sauti ya ushairi. Wakifanya vibaya tunawacheka. Wakifanya vizuri tunasahau walikozaliwa. Katika uhakiki tunatofautisha mtunzi na nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi. Nafsineni wa Fogerty ni mtu wa mtoni, mzururaji, maskini wa mali na tajiri wa hadithi. Sikiliza "Lodi", wimbo kuhusu mwanamuziki aliyekwama katika kamji kadogo, walevi hawamsikilizi na nauli ya kurudi kwao hana. Alipoutoa alikuwa na umri wa miaka 23, bendi yake ikipanda kama moto wa nyikani, na hata huko Lodi amesema hakuwa amewahi kufika; jina tu lilimpendeza masikioni. Kijana aliye juu kabisa akaimba sauti ya mzee aliyeshindwa, na akaaminika. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi.

Penye maudhui vilevile alikuwa na macho makali. "Fortunate Son" ya 1969 inawashambulia watoto wa vigogo walioikwepa vita ya Vietnam huku watoto wa watu wa kawaida wakipelekwa. Aliyeitunga alikuwa mwenyewe amepitia jeshi la akiba, kwa hiyo hakuwa akihubiri kutoka barazani. Ni wimbo wa dakika mbili na ushei. Kuna tasnifu nimezisahihisha zenye kurasa mia tatu ambazo hazikufikisha hoja ya kitabaka kwa uwazi huo, lakini tuyaache hayo.

Mwaka huo wa 1969 pekee bendi ilitoa albamu tatu: "Bayou Country", "Green River" na "Willy and the Poor Boys". Mwaka wa 1970 ikatoa "Cosmo's Factory" na "Pendulum". Nyimbo zao tano zilifika nambari mbili katika orodha kuu ya Marekani na hakuna hata mmoja uliofika nambari moja. Karibu kila kitu asili kilitoka kichwani mwa John. Alitunga, akapanga ala, akaimba, akapiga gitaa la kuongoza, akasimamia studio, na kwa muda akawa hata meneja. Bendi ilipopiga Woodstock mwezi Agosti 1969, usiku wa manane, umati ukiwa umechoka na nusu yake umelala, John aliona hawakung'ara na akakataa wasionyeshwe kwenye filamu. Wenzake hawakukubaliana naye. Aliamua, ikawa.

Kisa ninachokiona kuwa cha maana kuliko vyote ni cha kurekodiwa kwa "Proud Mary" yenyewe. Wenzake walitaka kuimba sauti za kuitikia. John aliwasikiliza, akaona hazifikii kile alichokuwa akikisikia kichwani, akaziimba zote mwenyewe, moja juu ya nyingine. Kwa hiyo ukisikia kile kiitikio kinachofanana na watu wengi walio kwenye meli, wakistarehe na kuelea mtoni, kumbuka kwamba ni mtu mmoja. Wingi huo ni wa kuigiza. Nafsi ya kwanza umoja imejivika mavazi ya nafsi ya kwanza wingi. Hapo bendi haijavunjika, iko ndiyo kwanza inapata umaarufu, na tayari kiongozi wake ni msanii wa kujitegemea ambaye hajajitangaza.

Je, alikosea? Kwa upande wa muziki, hapana. Kiitikio kile ni kizuri mno. Kwa upande wa watu, waliokuwa naye tangu utotoni walijua siku ile kwamba masikio yao hayahitajiki, na jambo kama hilo halisahauliki. Mwanzoni mwa 1971 Tom aliondoka. Fikiria: kaka mkubwa, mwimbaji wa kwanza, ambaye amesogezwa hatua kwa hatua hadi mlangoni. Waliobaki watatu wakatoa "Mardi Gras" mwaka wa 1972, ambapo Cook na Clifford walitunga na kuimba sehemu kubwa ya nyimbo. John husema walidai demokrasia naye akawapa. Wao husema aliwalazimisha ili waaibike. Ukiisikiliza albamu yenyewe utaona kwamba pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli. Ni kazi dhaifu, na jarida la Rolling Stone liliibomoa bila huruma. Oktoba mwaka huo bendi ikavunjwa rasmi.

Ilipovunjika, John alifanya nini? Kama ungedhani alitoka akapaza jina lake, hapana. Mwaka wa 1973 alitoa albamu ya nyimbo za kale za country na injili kwa jina la The Blue Ridge Rangers, kana kwamba ni bendi mpya. Picha ya jalada inaonyesha vivuli vya wanamuziki watano wakiwa wamesimama na ala zao. Wote watano ni yeye. Alipiga kila ala na kuimba kila sauti. Kile alichokifanya kwenye kiitikio cha "Proud Mary" sasa kimekuwa albamu nzima. Ina nyimbo za kupendeza, lakini mdundo wake unanisumbua kila ninapoisikiliza. Mtu anayepiga ngoma kisha akajisindikiza kwa besi hana mtu wa kumshtua. Kila kinachokuja anakijua, kwa kuwa ni yeye atakayekileta.

Mwaka wa 1975 ukafuata mkusanyiko wa nyimbo, nyingi zikiwa zake mwenyewe, uliobeba jina lake. Humo mna "Rockin' All Over the World", ambao Waingereza wa bendi ya Status Quo waliuchukua na kuufanya wao, wakafungua nao tamasha la Live Aid jijini London mwaka wa 1985. Kwa mara nyingine ulimwengu ukaimba wimbo wa Fogerty bila kujua ni wa Fogerty. Albamu iliyotarajiwa mwaka wa 1976, "Hoodoo", haikutolewa kabisa. Baada ya hapo ni kimya cha karibu miaka kumi.

Kimya hicho kina sababu zake. Bado alikuwa na deni la rekodi kwa Fantasy kwa mujibu wa ule mkataba wa ujanani. Akiba ya bendi, iliyowekwa katika benki moja ya visiwa vya Bahamas, ilipotea. Ili ajinasue hatimaye aliachia mrabaha wake wa nyimbo za Creedence, yaani hata senti ambazo mwimbaji hupata rekodi zinapouzwa. Akatoka mikono mitupu. Zaidi ya hayo, akakataa kuziimba nyimbo zenyewe. Alisema hatampa Zaentz hata shilingi. Ukialikwa kumsikiliza Fogerty usingemsikia akiimba "Proud Mary". Hapo ndipo ninaposema alijiiba kwa maana yetu ya Kiswahili: alitoka ndani ya nyimbo zake mwenyewe na kuziacha ziimbwe na wengine.

Januari 1985 akarudi na "Centerfield". Tena alipiga ala zote peke yake, na albamu ikafika nambari moja Marekani. Wimbo wake wa kwanza kusikika, "The Old Man Down the Road", uliingia kumi bora. Kampuni ya Fantasy ikausikiliza, ikasema: huu ni "Run Through the Jungle" wa 1970, na "Run Through the Jungle" ni mali yetu. Wakaenda mahakamani.

Hebu tuziweke nyimbo hizi mbili mezani kama tunavyoweka mashairi mawili. Zote mbili zina mwendo wa mtu anayenyemelea. Gitaa linarudia kishororo kimoja kizito, muziki unazunguka pale pale bila kuhamahama, na sauti inakuja kwa vipande vifupi vyenye pumzi katikati. Kimaudhui ni mbali kabisa. Wimbo wa zamani wengi waliudhania kuwa wa Vietnam, ingawa mtunzi ameeleza kuwa aliwazia bunduki zilivyozagaa nchini mwake. Hofu yake ni ya umma mzima. Ule mpya ni ngano ya mzee wa njiani mwenye uwezo wa kiajabu, mtu ambaye bibi zetu wangetuambia tusipite kwake magharibi. Ule wa zamani una kinanda cha mdomo kinacholia kama kiumbe cha msituni. Mpya unabebwa na gitaa mwanzo hadi mwisho. Ukinipa kazi hizi bila majina, nitakwambia mara moja zimetungwa na mtu mmoja. Je, nitakwambia ni wimbo mmoja? Hata kidogo. Kufanana kwake ni kule kwa ndugu, na ndugu wawili hawawi mtu mmoja kwa sababu wana pua ya baba yao.

Mwaka wa 1988, mbele ya baraza la raia walioteuliwa kuamua kesi jijini San Francisco, Fogerty alileta gitaa lake kizimbani. Akawapigia wasikilize. Akawaonyesha jinsi anavyotunga, wapi vidole vyake hupenda kwenda, kwa nini nyimbo zake hutoka na harufu moja. Wakampa ushindi. Sijui kama kuna mhadhara wa uhakiki wa mtindo uliowahi kutolewa mahali penye hatari kubwa zaidi ya hapo. Angeshindwa, ingekuwa na maana kwamba mtu akiuza kazi zake za ujanani ameuza pia namna yake ya kusema, na kila akifungua kinywa anamwibia mnunuzi.

Kesi haikuishia pale. Alidai alipwe gharama za mawakili, mahakama za chini zikakataa, kwa kuwa sheria ilivyosomwa wakati ule ilimpa fidia hiyo mlalamikaji akishinda kwa urahisi kuliko mshtakiwa akishinda. Mwaka wa 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba pande zote mbili zipimwe kwa kipimo kimoja. Uamuzi huo, Fogerty dhidi ya Fantasy, unafundishwa hadi leo katika somo la hakimiliki. Akaishia kulipwa zaidi ya dola milioni moja.

Hapa naomba niingize neno moja letu, maana linanisaidia kufikiri. Sisi tunapofundisha ushairi, "mtindo" ni namna ya mtunzi binafsi. Lakini katika muziki wa dansi wa Tanzania neno hilo hilo lilikuwa na maana nyingine: mtindo ulikuwa wa bendi. Sikinde ilikuwa ya Mlimani Park, Msondo ya NUTA na warithi wake. Mwanamuziki akihama, alihama na sauti yake na vidole vyake, lakini mtindo aliuacha nyuma, akavaa wa bendi mpya. Kiswahili, kwa hiyo, kinalibeba tatizo la Fogerty ndani ya neno moja. Mahakama iliulizwa kuhusu mtindo kwa maana ya kwanza, na ikajibu sawasawa. Kwa ile maana ya pili hakuna aliyeuliza, kwa kuwa hakuna kampuni inayomiliki namna Doug Clifford alivyokuwa akiichelewesha ngoma kidogo, au Stu Cook alivyokuwa akijaza pengo linaloachwa na gitaa la Tom.

Ndiyo maana sifa nyingi zinazomwagiwa "Centerfield" nazikubali nusu. Utunzi ni imara. Ule wimbo wa besiboli uliobeba jina la albamu ni wa furaha isiyo na kinyongo. Lakini kuna ubaridi wa mashine katika ngoma zake, na kuna wimbo mmoja wa kumkejeli Zaentz kwa jina lililopotoshwa kidogo, ambao ni kisasi tu. Zaentz alishtaki kwa kuchafuliwa jina, na jina la wimbo likabadilishwa herufi. Satiri ikimkodolea macho mtu mmoja namna hiyo huwa fupi wa mbawa. Fogerty yule wa "Fortunate Son" alikuwa akilenga tabaka zima. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka huo huo Zaentz alipokea tuzo ya Oscar ya filamu bora kwa "Amadeus", filamu inayohusu mtunzi mwenye kipaji na mtu anayemwangamiza kwa husuda. Sidhani Fogerty alicheka.

Aliyemtoa kwenye mgomo wake wa kutoziimba nyimbo za Creedence, kwa simulizi yake mwenyewe, ni Bob Dylan. Mwaka wa 1987, katika klabu moja huko California, Dylan alimsihi aimbe "Proud Mary", la sivyo dunia nzima itaamini ni wimbo wa Tina Turner. Akauimba. Tarehe 4 Julai mwaka huo akaziimba tena hadharani, katika tamasha la kuwaenzi waliopigana Vietnam. Hao ndio waliokuwa wamezibeba msituni nyimbo hizo, na kwao habari za Zaentz na mrabaha hazikuwa na uzito wowote.

Na bendi je? Tom alifariki Septemba 1990, ndugu hao wakiwa hawajapatana. Tom alikuwa amesimama upande wa Zaentz, na hilo John hakulisamehe akiwa hai. Mwaka wa 1993 Creedence walipoingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, John alikataa kupiga muziki pamoja na Cook na Clifford. Akazipiga nyimbo za bendi akiwa na Bruce Springsteen na Robbie Robertson, na wale wawili wakiwekwa kando kama wageni kwenye harusi ya mtoto wao. Kuna wanaomtetea: wenzake waliungana na kampuni katika mambo ya haki za nyimbo, kwa nini apige nao? Naielewa hasira hiyo. Bado naona siku ile aliwafanyia wenzake kile ambacho kampuni ilitaka kumfanyia yeye, yaani kudai kwamba sauti waliyosaidia kuizaa haiwahusu.

Ya baadaye ni mepesi zaidi. "Blue Moon Swamp" ya 1997 aliihangaikia kwa miaka, akabadilisha wapiga ngoma mmoja baada ya mwingine akitafuta mdundo aliousikia kichwani, na ikampa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora ya kujitegemea, na sishangai, kwa kuwa hapo walau alikubali kwamba anahitaji mtu mwingine nyuma ya ngoma. Fantasy ilipouzwa kwa kampuni ya Concord mwaka wa 2004, wamiliki wapya walimrudishia mrabaha. Zaentz alifariki mwaka wa 2014. Januari 2023, akiwa na umri wa miaka 77, Fogerty akanunua sehemu kubwa ya haki za utunzi wa nyimbo zake za Creedence, nusu karne baada ya bendi kuvunjika.

Agosti 2025 alitoa albamu yenye nyimbo 20 za Creedence alizozirekodi upya, pamoja na wanawe Shane na Tyler, kila wimbo ukiwa na maelezo kwamba hii ni namna ya John. Nimeisikiliza mara kadhaa. Sauti ya mzee wa miaka 80 imesimama kwa namna ya kushangaza, na gitaa limesafishwa hadi unasikia kila uzi. Haki ameipata, na anaimba kama mtu aliyeipata. Msomaji mwenye muda auchukue "Proud Mary" wa 1969 na huu wa 2025, ausikilize mmoja baada ya mwingine. Asianze na sauti wala gitaa, kwa maana hapo atapotea katika sifa. Aanze na ngoma, kisha besi, kisha gitaa lile la kusindikiza alilokuwa akilipiga Tom, ambalo kwa masikio ya haraka halifanyi lolote.